Kupanga Kumbukumbu za Ujumbe na Usalama wa Programu za Kusimamia Hifadhi ya Seva

Programu za kusimamia hifadhi ya seva hufanya kazi mbili ambazo mara nyingi hupangwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti: hutoa ujumbe kuhusu hali ya diski, na huwapa watu uwezo wa kuziongeza, kuziondoa au kuzifuta diski hizo. Mwongozo huu unazipanga kazi hizo mbili kwa pamoja. Kumbukumbu inayokaa kwenye diski ileile inayochunguzwa hupotea pamoja na diski hiyo, na kumbukumbu inayoweza kufutwa na yeyote anayesimamia diski haitasaidia akaunti ya msimamizi ikiibiwa. Kwa hiyo lengo ni kwamba kila ujumbe wenye maana utoke nje ya seva mara tu unapoandikwa, na kwamba mwenye mamlaka juu ya diski asiwe na mamlaka juu ya nakala iliyotoka.

Mifano iliyomo ni ya Linux yenye RAID ya programu, yaani diski kadhaa zinazounganishwa na programu kuwa safu moja: mdadm kwa safu za diski, smartd kwa afya ya diski mojamoja, rsyslog kwa kusafirisha ujumbe, na Cockpit kama ukurasa wa usimamizi. Anayetumia programu ya mtengenezaji wa kidhibiti cha RAID atabadilisha majina na mahali pa mafaili, lakini mpangilio ni uleule mradi programu hiyo inaweza kupeleka ujumbe kwenye syslog, yaani utaratibu wa kawaida wa kukusanya ujumbe wa seva.

Ujumbe unatoka wapi

Kwenye seva ya namna hii, ujumbe kuhusu hifadhi hutoka sehemu nne. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huandika yenyewe kosa la kusoma au kuandika linapotokea, kwa mfano mstari wenye maneno `I/O error, dev sdb`, au ule wa `md/raid1:md0: Disk failure on sdb1`. Programu ya mdadm, ikiendeshwa kama mwangalizi, hutangaza matukio kama `Fail`, `DegradedArray`, `SparesMissing` na `RebuildFinished`. Huduma ya smartd huikagua kila diski, kwa kawaida kila baada ya sekunde 1800, na hutoa taarifa inapoona sekta zinazosubiri kuhamishwa (sifa namba 197) au sekta zisizorekebishika (namba 198).

Sehemu ya nne ni watu, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kila amri inayopitia `sudo`, yaani njia ya kuendesha amri kwa mamlaka ya `root` (msimamizi mkuu wa seva), huandikwa katika kundi la ujumbe liitwalo `authpriv`, ambalo kwa kawaida huenda kwenye faili lake pekee. Ukikusanya ujumbe wa diski tu na kuacha kundi hilo, utajua kwamba safu ilipoteza diski saa nane usiku, lakini hutajua kama diski iliharibika au kuna mtu aliyeitoa kwa amri.

Kiwango cha syslog kilichoandikwa katika RFC 5424 ya mwaka 2009 kinaupa kila ujumbe uzito kuanzia 0 hadi 7: 0 ni mfumo usiotumika kabisa, 1 ni jambo linalotaka hatua mara moja, 2 ni hali mbaya sana, 3 ni kosa, 4 ni onyo, 5 ni hali ya kawaida inayostahili kuangaliwa, 6 ni taarifa tu, na 7 ni maelezo ya kutafutia hitilafu. Wengi huchuja mapema, wakaacha kila kitu kilicho chini ya onyo kwa umuhimu (5 hadi 7). Kwa hifadhi, sikubaliani na utaratibu huo. Ujumbe wa mdadm na smartd ni mchache kiasi kwamba kuuhifadhi wote hakugharimu nafasi ya kuhesabika, na taarifa kwamba ujenzi upya wa safu ulianza saa fulani na kumalizika saa fulani ni ya thamani unapochunguza kilichotokea baadaye. Chuja mahali unapotuma tahadhari kwa watu. Keneli ndiyo pekee inayostahili kuchujwa kwenye chanzo, kwa sababu husema mengi yasiyohusu hifadhi.

Kuwasha waangalizi

Anza na mdadm. Katika Debian na jamii yake faili la mipangilio ni `/etc/mdadm/mdadm.conf`, katika Red Hat na jamii yake ni `/etc/mdadm.conf`. Weka mstari huu:

```
MAILADDR hifadhi@example.com
```

Programu hiyo husoma mstari mmoja tu wa aina hiyo na anwani moja tu ndani yake. Anwani za ziada hupuuzwa bila onyo lolote. Ukitaka watu watatu wapate barua pepe, tengeneza anwani ya kikundi kwenye seva ya barua, kisha andika anwani hiyo hapa. Kumbuka pia kwamba barua hutumwa kwa matukio machache tu, yaani `Fail`, `FailSpare`, `DegradedArray`, `SparesMissing` na `TestMessage`. Mengine yote huonekana kwenye syslog peke yake, na ndiyo maana barua pepe haiwezi kuchukua nafasi ya kumbukumbu. Tumia `systemctl cat mdmonitor` kuona jinsi huduma inavyoanzishwa. Ikiwa chaguo `--syslog` halipo, liongeze, katika faili la chaguo za huduma ikiwa mfumo wako unalo.

Kwa smartd, mstari mmoja katika `/etc/smartd.conf` unatosha seva nyingi:

```
DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../../6/03) -W 4,45,55 -m hifadhi@example.com
```

Mstari huu huchunguza diski zote zinazoonekana, hufanya jaribio fupi kila siku saa nane usiku na jaribio refu kila Jumamosi saa tisa usiku, huandika joto linapobadilika kwa nyuzi 4, hutoa taarifa linapofika 45 na onyo kubwa linapofika 55. Kuna mtego mmoja hapa. Chochote kinachoandikwa chini ya `DEVICESCAN` hakisomwi. Faili linalokuja na mfumo mara nyingi huwa tayari na mstari huo, kwa hiyo msimamizi akiongeza mistari ya diski zake mwishoni mwa faili hudhani zinaangaliwa kwa namna aliyotaka, kumbe hakuna kilichobadilika. Ama uondoe mstari wa zamani, au uweke alama ya `#` mbele yake.

Diski zilizo nyuma ya kidhibiti cha RAID hazionekani moja kwa moja na mfumo, na `DEVICESCAN` huenda isizipate. Kwa vidhibiti vya jamii ya MegaRAID kila diski huandikiwa mstari wake wenye `-d megaraid,N`, ambapo N ni namba ya diski kwenye kidhibiti.

Kuhifadhi kwenye seva yenyewe

Huduma ya journald, inayokusanya ujumbe wa mfumo, inaweza kuwa inahifadhi kumbukumbu kwenye RAM, yaani chini ya `/run/log/journal`, ambako hupotea seva inapozimwa. Katika `/etc/systemd/journald.conf` andika:

```
[Journal]
Storage=persistent
SystemMaxUse=2G
```

Kisha uiwashe huduma upya kwa `systemctl restart systemd-journald`. Usipoweka kikomo, journald hujiwekea asilimia 10 ya ukubwa wa mfumo wa mafaili, isiyozidi GB 4. Kikomo kingine kipo tayari: huduma moja ikitoa ujumbe zaidi ya 10,000 ndani ya sekunde 30, unaozidi hutupwa. Kwa smartd na mdadm hutafika hapo, hivyo hakuna haja ya kukigusa.

Kwa faili la kawaida lenye ujumbe wa hifadhi peke yake, na kwa safari ya nje, tengeneza `/etc/rsyslog.d/20-hifadhi.conf`. Sakinisha kwanza kifurushi cha `rsyslog-gnutls`, kwa kuwa bila hicho rsyslog haiwezi kusimba mawasiliano kwa TLS kwa namna iliyoandikwa hapa.

```
global(
  DefaultNetstreamDriverCAFile="/etc/rsyslog-tls/ca.pem"
  DefaultNetstreamDriverCertFile="/etc/rsyslog-tls/seva.pem"
  DefaultNetstreamDriverKeyFile="/etc/rsyslog-tls/seva.key"
)

if $programname == 'mdadm' or $programname == 'smartd'
   or $syslogfacility-text == 'authpriv'
   or ($syslogfacility-text == 'kern' and $syslogseverity <= 4) then {
  action(type="omfile" file="/var/log/hifadhi.log" fileCreateMode="0640")
  action(type="omfwd" target="kumbukumbu.example.com" port="6514" protocol="tcp"
    StreamDriver="gtls" StreamDriverMode="1"
    StreamDriverAuthMode="x509/name"
    StreamDriverPermittedPeers="kumbukumbu.example.com"
    queue.type="LinkedList" queue.filename="hifadhi_nje"
    queue.maxDiskSpace="1g" queue.saveOnShutdown="on"
    action.resumeRetryCount="-1")
}
```

Sehemu ya foleni ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa. Bila hiyo, seva ya kumbukumbu ikizimwa kwa matengenezo, ujumbe wa kipindi hicho hupotea, na mara nyingi hakuna anayegundua mpaka autafute. Kwa mistari iliyo juu, ujumbe husubiri kwanza kwenye RAM, ukizidi huandikwa kwenye diski hadi GB 1, na rsyslog huendelea kujaribu bila kukata tamaa. Ikiwa diski inayochunguzwa ndiyo pia inayobeba saraka ya foleni, basi siku diski hiyo itakapogoma foleni nayo itagoma. Penye uwezekano, weka `/var` kwenye diski nyingine isiyo sehemu ya safu ya data.

Poti 514 ya UDP, iliyokuwa ya kawaida kwa miaka mingi, haina uthibitisho wa anayetuma wala anayepokea, haisimbi chochote, na ujumbe ukipotea njiani hakuna anayejua. Poti 6514 ndiyo iliyotengwa kwa syslog inayopita ndani ya TLS. Mpangilio wa `x509/name` humlazimisha mpokeaji kuonyesha cheti chenye jina linalotarajiwa. Ukiuacha ukawa `anon`, mawasiliano yatasimbwa lakini hutajua unazungumza na nani. Faili la ufunguo wa siri lisomwe tu na akaunti inayoendesha rsyslog, ambayo katika baadhi ya mifumo ni `root` na katika mingine, kama Ubuntu, ni `syslog`.

Kabla ya kuwasha huduma upya, endesha `rsyslogd -N1`. Amri hiyo husoma mipangilio na kuonyesha makosa bila kugusa huduma inayoendelea.

Upande wa kupokea

Kwenye seva ya kumbukumbu, baada ya kuweka mistari ya `global` yenye vyeti vyake, andika:

```
module(load="imtcp" StreamDriver.Name="gtls" StreamDriver.Mode="1"
  StreamDriver.AuthMode="x509/name"
  PermittedPeer=["hifadhi1.example.com","hifadhi2.example.com"])

template(name="kwaSeva" type="string"
  string="/var/log/mbali/%fromhost%/hifadhi.log")

ruleset(name="hifadhi") {
  action(type="omfile" dynaFile="kwaSeva" fileCreateMode="0640")
}

input(type="imtcp" port="6514" ruleset="hifadhi")
```

Nimetumia `%fromhost%` badala ya `%hostname%` kwa makusudi. Jina la pili limo ndani ya ujumbe wenyewe, na mtumaji anaweza kuandika apendalo. La kwanza linatokana na muunganisho ulioleta ujumbe. Seva iliyovamiwa isiweze kuandika ndani ya faili la jirani yake.

Wasimamizi wa hifadhi wasiwe na akaunti ya kuandika kwenye seva hii. Wapewe uwezo wa kusoma tu. Katika ofisi yenye msimamizi mmoja sharti hili haliwezekani kwa ukamilifu, lakini hata hapo inafaa nenosiri na ufunguo wa SSH wa seva ya kumbukumbu viwe tofauti na vile vya seva za hifadhi, ili kuibiwa kwa kimoja kusifungue vyote.

Nani anaruhusiwa kufanya nini

Jambo la kwanza la kukagua ni kikundi kiitwacho `disk`. Endesha `getent group disk`. Mtu aliyemo kwenye kikundi hicho anaweza kusoma na kuandika diski ghafi moja kwa moja, akipita kando ya ruhusa zote za mafaili, kwa hiyo kwa vitendo ana uwezo unaokaribia wa `root`, na hakuna mstari wa `sudo` utakaoandikwa kuhusu alichofanya. Kikundi hicho kisiwe na mtu yeyote. Anayehitaji kusoma kumbukumbu tu aingizwe kwenye `systemd-journal`, au `adm` katika Debian na jamii yake.

Kwa wanaohitaji kuona hali ya safu bila kuibadilisha, tengeneza faili kwa `visudo -f /etc/sudoers.d/hifadhi`:

```
%waangalizi ALL=(root) /usr/sbin/mdadm --detail /dev/md0
```

Andika amri nzima pamoja na hoja zake. Alama ya `*` mwishoni mwa amri katika sudoers hulingana na maneno mengi, pamoja na nafasi kati yao, hivyo inaruhusu zaidi ya ulivyokusudia. Kuruhusu `mdadm` bila hoja yoyote ni hatari zaidi, kwa kuwa mwangalizi wake ana chaguo `--program`, linaloendesha programu yoyote kwa mamlaka ya `root` tukio linapotokea. Atakayepewa ruhusa hiyo amepewa seva nzima.

Ukurasa wa usimamizi wa Cockpit husikiliza poti 9090 kwenye anwani zote za seva. Ufunge kwenye mtandao wa usimamizi kwa kutengeneza `/etc/systemd/system/cockpit.socket.d/listen.conf`:

```
[Socket]
ListenStream=
ListenStream=10.20.0.5:9090
FreeBind=yes
```

Mstari mtupu wa kwanza unafuta anwani za awali. Ukiusahau, Cockpit itasikiliza kotekote kama zamani. Endesha `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl restart cockpit.socket`. Katika `/etc/cockpit/cockpit.conf`, weka `IdleTimeout=15` chini ya `[Session]` ili kikao kisichotumika kifungwe baada ya dakika 15, na uhakikishe kwamba `root` yumo kwenye `/etc/cockpit/disallowed-users`. Cheti chako kiwekwe ndani ya `/etc/cockpit/ws-certs.d/`, kwa kuwa watumiaji waliozoea kubofya na kupita onyo la kivinjari kila siku hawatalitilia shaka siku onyo hilo litakapokuwa la kweli. Kwenye fayawoli, ruhusu poti 9090 kutoka mtandao wa usimamizi tu.

Siri nazo huvuja kupitia kumbukumbu zenyewe. Kwa kuwa `sudo` huandika amri nzima, mtu anayeweka nenosiri la CHAP (uthibitisho wa kuingia) la iSCSI, njia ya kufikia diski kupitia mtandao, kwa `iscsiadm` yenye `-v` na nenosiri mbele yake atalikuta nenosiri hilo limeandikwa wazi kwenye `authpriv`, na sasa pia kwenye seva ya kumbukumbu. Liandike ndani ya faili la mipangilio lenye ruhusa 0600 badala yake. Vivyo hivyo kwa nenosiri la LUKS, yaani la diski iliyosimbwa: liingizwe pale linapoulizwa, lisipitishwe kwenye mstari wa amri.

Kuna udhaifu mmoja wa syslog unaopaswa kujulikana. Mtumiaji yeyote wa seva anaweza kuandika hivi, bila ruhusa maalumu:

```
logger -p daemon.crit -t mdadm "Fail event on md0"
```

Mstari huo utaonekana kana kwamba umetoka kwa mdadm, na kichujio chetu kitaupokea. Kinachosaidia kutofautisha ni journald, ambayo huongeza yenyewe sehemu zinazoanza na alama ya mstari wa chini, kama `_UID` na `_EXE`, ambazo mtumaji hawezi kuzibadilisha. Ukitilia shaka ujumbe, tazama `journalctl -t mdadm -o verbose` na uone ni programu ipi hasa iliyouandika.

Kwa mabadiliko ya mipangilio yenyewe, tumia auditd, huduma inayoandika nani amebadilisha faili au kuendesha programu fulani. Weka katika `/etc/audit/rules.d/hifadhi.rules`:

```
-w /etc/mdadm/mdadm.conf -p wa -k hifadhi
-w /etc/smartd.conf -p wa -k hifadhi
-w /etc/rsyslog.d/ -p wa -k hifadhi
-w /usr/sbin/mdadm -p x -k hifadhi
```

Zipakie kwa `augenrules --load`, na usome matokeo kwa `ausearch -k hifadhi`. Mtu anayetaka kuficha jambo huanza kwa kunyamazisha rsyslog, hivyo mstari wa tatu ni wa lazima kuliko mingine yote.

Muda na ukubwa

Saa za seva zote zilingane kupitia chrony. Amri ya `chronyc tracking` huonyesha tofauti iliyopo. Muundo wa zamani wa syslog hauandiki mwaka wala ukanda wa saa, kwa hiyo ni rahisi zaidi seva zote zitumie UTC.

Mafaili yazungushwe na logrotate:

```
/var/log/hifadhi.log {
    weekly
    maxsize 50M
    rotate 26
    compress
    delaycompress
    missingok
    postrotate
        systemctl kill -s HUP rsyslog.service
    endscript
}
```

Nakala 26 za wiki ni nusu mwaka, iwapo ukubwa hautazidi kikomo mapema. Muda wa kuhifadhi kwenye seva ya kumbukumbu hutegemea kanuni zinazokuhusu. PCI DSS, kwa wanaoshughulikia kadi za malipo, inataka miezi 12, na miezi 3 ya karibuni iwe inapatikana mara moja.

Kujaribu

Jaribio la kwanza ni `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`, ambalo hutoa tukio la `TestMessage` kwa kila safu na kutuma barua pepe. Kwa smartd, ongeza `-M test` kwenye mstari wa `DEVICESCAN`, washa huduma upya, kisha uliondoe baada ya barua kufika. Majaribio hayo mawili huthibitisha njia ya barua, lakini hayathibitishi kwamba hitilafu ya kweli itapita njia nzima. Kwa hilo, tengeneza safu ndogo ya mafaili na uiharibu:

```
truncate -s 200M /tmp/a.img /tmp/b.img
A=$(losetup -f --show /tmp/a.img)
B=$(losetup -f --show /tmp/b.img)
mdadm --create /dev/md99 --level=1 --raid-devices=2 $A $B
systemctl restart mdmonitor
mdadm /dev/md99 --fail $B
```

Ndani ya dakika chache seva ya kumbukumbu iwe na mstari wa keneli na tukio la `Fail` la mdadm; na kama amri zilipitia `sudo`, iwe pia na jina la aliyeziendesha. Kinachokosekana kinakuonyesha ni chanzo kipi hakijaunganishwa. Rudia jaribio hilo huku rsyslog ya upande wa kupokea ikiwa imezimwa, iwashe baadaye, na uone kama foleni imeleta kila kitu. Mwishowe safisha kwa `mdadm --stop /dev/md99`, kisha `losetup -d $A $B` na ufute mafaili mawili.

Linabaki suala la ukimya, kwa sababu seva iliyoacha kutuma hufanana na seva isiyo na tatizo. Weka kipima muda cha systemd kinachoendesha `logger -t smartd "uhai"` kila saa, na kwenye seva ya kumbukumbu weka ukaguzi unaotoa tahadhari faili la seva yoyote lisipobadilika kwa saa mbili:

```
find /var/log/mbali -name hifadhi.log -mmin +120
```

Amri hiyo ikitoa jina lolote, anza kwa kukagua vyeti vya TLS vya seva husika, kwa kuwa cheti kilichopita tarehe yake huzima usafirishaji bila diski yoyote kuwa na kasoro.